Pasipoti Mkononi: Safari Yetu ya Kitengela, Kajiado na Namanga



Ndugu wasomaji, sisi watu wa Pwani tunapotaja safari ya nje, mawazo hukimbilia uwanja wa ndege: Jidda kwa ibada, Dubai kwa biashara, Muscat kwa jamaa, na siku hizi miji mingi ya Ghuba kwa ajira. Ni nadra kukumbuka kwamba nchi ya nje hufikiwa pia kwa barabara ya lami, kwa kupita Kitengela na Kajiado, kati ya makundi ya ng'ombe na malori ya saruji, na kwamba safari hiyo fupi ina mafunzo yake.

Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, tulifunga safari hiyo. Tulikuwa saba: mama yetu mzazi, sisi dada wawili, kaka yetu, wifi yetu mkewe, na watoto wao wawili, wa kiume mwenye miaka 15 na wa kike mwenye miaka tisa. Nia zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kumtazama binti wa marehemu dada yetu, ambaye hushona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River na kuishi Kitengela. Ya pili ilikuwa kumchukua twende naye Arusha siku tatu, apumzike na cherehani, nasi tupumzike na joto la Mombasa. Nia ya kwanza ilitimia kwa ukamilifu. Ya pili ilitimia nusu, na hiyo nusu iliyopungua ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Tunajua kwamba kwa mtu wa Mombasa njia iliyo karibu zaidi ya kufika Arusha ni ya Voi, Taveta na Moshi. Ila binti yetu yuko Kitengela, na mama alikwisha kusema: "Sendi Arusha kupumzika huku mjukuu wangu yuko peke yake kwenye baridi."

Kutoka Miritini hadi Athi River

Tuliondoka Miritini asubuhi kwa treni inayosimama vituo vya njiani, kwa kuwa ndiyo inayoshusha abiria Athi River. Kaka alisoma dua ya safari, watoto wakaitikia, na baada ya hapo kazi yao ikawa kuhesabu ndovu wa Tsavo, waliokuwa wekundu kama udongo waliojigaragaza.

Kwa kuwa Mombasa na Kitengela zimeachana kwa zaidi ya kilomita 450, tulikuwa na ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ruhusa hiyo hudumu maadamu msafiri hakunuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Tunalitaja hili kwa sababu akina mama wengi huulizana njiani, na ni vema kumwuliza sheikh kabla ya safari, sambamba na suala la mwanamke kusafiri na maharimu wake. Sisi tulikuwa na kaka yetu, na mama akastarehe moyo.

Jambo moja liliwafurahisha watoto. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, hivyo nyumbani tunaelekea kaskazini moja kwa moja. Kitengela iko magharibi zaidi, kwa hiyo hapo kibla huinama kidogo upande wa mashariki. Mtoto wa kike alitandika mkeka, akaugeuza kidogo kwa mkono, kisha akasema: "Kumbe hata kibla kinajua tumesafiri."

Kitengela

Msomaji asiyeijua Kitengela aelewe kwamba ni mji uliokua upesi kuliko barabara zake. Wenyeji wa zamani bado huita sehemu ya katikati Noonkopir, jina la kituo kidogo cha biashara cha Wamaasai. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta mji huu una watu zaidi ya 150,000. Maghorofa ya mawe ya kijivu yamesimama mahali palipokuwa malisho, na katikati yake punda bado huvuta mikokoteni ya mitungi ya maji, maana maji ya bomba hayatoshi na ya visima vingi yana chumvi.

Uwanda huu haukuwa mtupu. Upande wa kaskazini iko Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, na kwa muda mrefu mpaka wake wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua kwenda kulisha uwanda wa Kitengela na kurudi wakati wa kiangazi. Ardhi ilipogawanywa viwanja, nyua za waya zikaongezeka na njia ya wanyama ikabana. Tangu mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa Wamaasai wenye ardhi fedha kidogo kwa kila ekari ili wasizungushie ua, na baadhi ya mashamba yaliachwa wazi kwa sababu hiyo. Binti yetu alitueleza kwamba alipohamia mtaa wake, kutoka dirishani aliona pundamilia. Sasa anaona ukuta wa jirani.

Anaishi katika chumba kimoja na mwenzake wa kazini, msichana wa Kikamba. Chumba ni safi, na mwenzake alituachia akaenda kulala kwa shangazi yake, heshima ambayo mama aliilipa kwa kopo la achari ya maembe na mikate ya mofa tuliyoibeba kutoka nyumbani. Wanaume wawili walipata kitanda kwa jirani, Mwislamu kutoka Garissa mwenye duka la kuuza nyama. Tusisahau kuwaambia wenye wasiwasi wa chakula: nyama ya halali Kitengela haina shida, na misikiti ipo, Ijumaa kaka na mwanawe waliswali katika msikiti uliojaa hadi uani.

Alfajiri ya Ijumaa tulitoka na binti yetu hadi barabarani. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Katika nusu giza hiyo tuliwaona wanawake kwa mamia wakitembea upande mmoja, wengi wao vijana, wamejifunga shali na leso, kila mmoja na mfuko mdogo wa chakula. Hao ni wafanyakazi wa eneo la viwanda vya mauzo ya nje, ambalo watu wote hapa huliita EPZ, lililotokana na sheria ya mwaka 1990. Nguo zinazoshonwa humo nyingi huenda Marekani, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2000, iitwayo AGOA, iliziruhusu kuingia bila ushuru. Binti yetu hushona mifuko ya suruali, na hushona mifuko tu. Alituambia kwa mzaha: "Khalati, suruali zangu zimeshafika New York. Mimi mwenyewe sijafika hata Namanga."

Tulicheka pamoja naye. Hatukujua kwamba neno hilo lilikuwa na uzito.

Mkeka wa pasipoti

Mama yetu ana desturi moja ambayo jamaa humtania nayo. Usiku wa kuamkia safari hutandika mkeka, akataka kila mtu aweke karatasi zake hapo azione kwa macho yake. Sababu yake ni ya zamani. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mama aliolewa katika kipindi hicho. Shangazi yake aliyekuwa Tanga, ambaye ndiye aliyemlea, hakuweza kuja arusini. Alifariki kabla ya mpaka kufunguliwa. Tangu hapo mama huziamkia karatasi za safari kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mzee mkali.

Basi usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, mkeka ulitandikwa. Zikawekwa pasipoti saba na kadi saba za manjano za chanjo ya homa ya manjano. Kadi hizo huulizwa mpakani. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 dozi moja huhesabiwa kuwa ya maisha. Mama akahesabu, kisha akamtazama mjukuu wake. Binti aliweka kadi yake ya chanjo. Hakuweka kitu kingine.

"Na kitabu chako, mama?"

Akainamisha kichwa. Ndipo ilipotoka habari ambayo hatukuwa nayo. Miezi miwili nyuma alikuwa amejiandikisha kwa wakala mmoja wa ajira, jijini Nairobi, ili aende kufanya kazi za nyumbani katika nchi ya Ghuba. Aliahidiwa riyali 1,000 kwa mwezi, zaidi kidogo ya shilingi 34,000, karibu mara mbili ya anachopata kiwandani. Wadogo zake wawili wako sekondari, na karo yao ndiyo iliyompeleka huko. Alipimwa afya, akapigwa picha, na wakala akachukua pasipoti yake "kwa ajili ya viza", pamoja na kitambulisho chake cha taifa, cha asili. Hakupewa risiti. Mkataba aliambiwa atauona siku ya kuondoka.

Hakuna aliyemgombeza. Mama alisema tu: "Na polisi wakikusimamisha njiani, mwanangu, utawaonyesha nini?" Binti akatoa nakala ya kitambulisho iliyokunjwa mara nne hadi maandishi yakaanza kufutika.

Kaka alishauri twende naye hivyo hivyo hadi Namanga, kwa kuwa kuna hati za muda ambazo raia hupewa kwa safari fupi za Afrika Mashariki. Huenda maafisa wakaikubali nakala. Wifi yetu, ambaye kwa kawaida huwa na neno kwa kila jambo, usiku ule hakusema kitu.

Barabara ya Kajiado

Jumamosi tulikodi gari kwa dereva wa makamo, jirani wa binti yetu. Kutoka Nairobi hadi Namanga ni takriban kilomita 165, na kwa aliyelala Kitengela sehemu ya kwanza imekwisha kupunguzwa. Ukishapita viwanda na mashamba ya maua ya karibu na Isinya, nchi inafunguka. Miti ya miiba inasimama mmoja mmoja, na upepo hauna cha kuuzuia.

Kajiado tulisimama kunywa chai. Jina la mji limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, ingawa mwezi huo mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Tulikaa karibu na njia ya reli inayotoka Konza kwenda Magadi. Hapo mama alichangamka, kwani magadi anayajua tangu utoto. Ndiyo yanayolainisha maharagwe na kunde jikoni. Kaka akaeleza kwamba ziwa lenyewe limepewa jina kwa neno hilo hilo la Kiswahili, na kwamba magadi yake yamekuwa yakisafirishwa kwa reli hii hadi bandari ya Mombasa tangu enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kumbe Kajiado na Kilindini ni majirani wa siku nyingi.

Na ujirani huo ni wa zamani kuliko reli. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Mombasa na Pangani ilipita nchi hii ikibeba vitambaa, nyaya za shaba na shanga za kioo zilizotengenezwa Venice, ikitafuta pembe za ndovu. Ngong, ambayo leo imo katika kaunti ya Kajiado, ilikuwa mahali pa kupumzika na kununua chakula. Joseph Thomson wa Scotland alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alimtegemea Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizi. Vitabu vingi humtaja Thomson kwa sauti kubwa na Kimameta kwa sauti ndogo. Wazee wetu walikuwa wasafiri wa kazi kabla ya neno wakala wa ajira kujulikana, na wengi hawakurudi. Katika misafara hiyo walikuwamo pia wapagazi ambao safari haikuwa hiari yao. Hilo nalo ni sehemu ya historia yetu, tusiifiche.

Wamaasai wenyewe wanaijua habari ya kusafirishwa bila kutaka. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 na serikali ya Kiingereza, walihamishwa kutoka malisho yao mazuri ya Bonde la Ufa na Laikipia, wakaletwa katika hifadhi ya kusini ambayo Kajiado ni sehemu yake. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai meza ya pili, alipoona tunaulizana, alituambia kwa Kiswahili kizuri kuhusu ukame uliokwisha mwaka 2023: alikuwa na ng'ombe 60, wakabaki 11. "Nilisafiri nao hadi Tanzania kutafuta majani," alisema. "Ng'ombe hawana pasipoti, lakini njaa inawavusha." Alimpa mtoto wetu kikombe cha maziwa na akakataa malipo.

Namanga

Baada ya Bisil mlima Oldoinyo Orok, yaani Mlima Mweusi, ulijitokeza mbele yetu, na chini yake mji wa Namanga. Mpaka uliopo hapa ulichorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na mstari wake unaanzia kwetu Pwani, kwenye mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga. Mama alisimama akautazama. Uzio ule ulikuwa ncha ya pili ya uzi uliomtenga na shangazi yake.

Wanawake wa Kimaasai walituzunguka na bangili na mikufu ya shanga. Mmoja alimvisha mama bangili kabla ya kutaja bei. Alituambia kwamba dada yake ameolewa upande wa pili na hutembeleana siku zote. Mama alinunua tatu, na wala hakupatana bei, jambo ambalo hatujawahi kuliona.

Tangu mwaka 2018 Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani. Msafiri husimama mara moja tu: katika jengo la nchi anayoingia huwakuta maafisa wa nchi zote mbili, wa kwanza akimgongea muhuri wa kutoka, wa pili wa kuingia. Raia wa Kenya hahitaji viza kuingia Tanzania kwa matembezi. Kazi ndiyo huhitaji kibali. Tulipanga foleni, mama akiwa mbele.

Zamu ya binti yetu ilipofika, afisa wa Kenya aliitazama ile nakala kwa muda mrefu. Alikuwa kijana mpole. Alisema hati ya muda hutolewa kwa kitambulisho cha asili, na kwamba karatasi ile hawezi kuipokea. Kisha akauliza: "Dada, kitambulisho chako kiko kwa nani?" Binti hakujibu. Afisa akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Kichukue mapema."

Tulitoka nje ya foleni sote, tukaketi kwenye kingo ya ukuta. Hapo ndipo wifi yetu aliposema. Tumekaa naye miaka mingi, tulijua kwamba kabla ya kuolewa aliwahi kufanya kazi Ghuba miaka miwili, lakini habari zake hakuwahi kutusimulia.

"Mimi hawakunipiga," alianza. "Chakula nilikula walichokula wao. Mshahara walinilipa, hata nyumba ya mama ndiyo niliyoiezeka. Kwa hiyo watu wakiniuliza, nasema nilikaa vizuri, na si uongo. Lakini siku niliyofika, mtu wa wakala alichukua pasipoti yangu uwanjani, akampa tajiri, tajiri akaitia kwenye sefu. Niliiona tena siku ya kurudi. Mwaka wa pili, baba akafariki. Nilimwomba bibi wa nyumba anipe ruhusa niende kumzika. Alinililia, wallahi alilia pamoja nami. Akasema, baada ya Ramadhani, kwa sababu nyumba ina wageni. Kitabu changu kiko hatua kumi kutoka jikoni, na siwezi kukigusa. Niliwapikia futari mwezi mzima. Nilifika nyumbani baba ana majuma matano kaburini."

Kaka yetu alikuwa ameinama, akitazama viatu vyake. Nadhani hata yeye alikuwa hajaisikia yote.

Wifi akamgeukia binti. "Sikwambii usiende. Mimi nilikwenda, na nyumba ya mama ina paa. Nakwambia kitabu kikitoka mkononi mwako, ujue kimekwenda wapi na kinarudi lini. Wewe hujaondoka hata Kitengela, nacho kimeshachukuliwa."

Kisha aliifungua pochi yake, akaitia ndani pasipoti yake ambayo ilikuwa bado haijagongwa muhuri, akaifunga zipu. "Nendeni na mama. Mimi narudi naye." Mtoto wake wa kiume akasema ataandamana nao. Dereva akageuza gari. Binti yetu alisimama upande ule, sisi upande huu, akatupungia mkono kwa shali.

Arusha na marejeo

Arusha ni mji mzuri, na tunautakia msomaji aende. Kutoka Namanga ni kama kilomita 110, kupitia Longido, na Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500 huuangalia mji wote. Tulipita nje ya makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini hapo hapo Arusha Novemba 1999. Mama aliomba apigwe picha mbele ya bendera. Tulikula ndizi kwa nyama, tukanunua vitenge, tukalala chini ya blanketi mbili. Lakini kila tulipokula tulihesabu waliopungua. Wazee walisema, msafiri masikini ajapokuwa sultani. Sisi umasikini wetu ulikuwa viti vitatu vitupu.

Jumatatu tulirudi Kitengela. Jumanne kaka, wifi na binti walikwenda kwa yule wakala. Kabla ya kwenda walitazama orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Jina lake halikuwamo. Ofisini waliomba mambo mawili: mkataba wausome, na pasipoti waichukue. Mkataba haukupatikana. Kwa pasipoti walitakiwa walipe "gharama". Wifi aliifungua pasipoti yake mwenyewe, akamwonyesha maneno yaliyoandikwa humo kwamba kitabu hicho ni mali ya Serikali ya Kenya, akamwuliza kama anataka waende pamoja kuiuliza Serikali. Mwishowe walilipa ada ya kipimo cha afya peke yake, wakataka risiti, wakatoka na pasipoti na kitambulisho.

Jioni hiyo mama alitandika mkeka tena, ingawa hakukuwa na safari ya kuvuka mpaka. Binti aliweka vitu vyake viwili katikati.

Tuliyoyabeba kurudi nyumbani

Hatuandiki ili kuwazuia mabinti wetu wasitafute riziki. Karo ya wale wadogo wawili bado inadaiwa, na sisi jamaa tulikuwa hatujauliza nani anailipa; aibu hiyo ni yetu, na tumegawana mzigo tangu mwezi huo. Binti yetu naye hajaiacha nia yake. Anasema atakwenda, inshaAllah, atakapopata wakala aliyesajiliwa na mkataba wa kusoma kwa lugha anayoijua.

Kwa familia zenye binti wa namna hii, tunaomba haya yazungumzwe nyumbani mapema. Wakala atazamwe kwanza kama amesajiliwa. Pasipoti ikipelekwa kwa viza, itolewe kwa risiti yenye tarehe, na kitambulisho cha asili kisitolewe kamwe. Nakala za karatasi zote zibaki kwa mtu wa nyumbani, pamoja na jina la mwajiri, anwani, na nambari ya ubalozi wetu. Sheria za nchi nyingi za Ghuba zenyewe zinakataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi. Binti alijue hilo kabla ya kupanda ndege. Na tumuulize deni lake ni la nini, kabla wakala hajamuuliza.

Siku ya kuondoka, binti yetu alitusindikiza stesheni ya Athi River. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kiwandani. Treni ilipokuja alibusu mkono wa bibi yake, na mama akamvua bangili moja kati ya zile tatu za Namanga, akamvisha.

"Mara nyingine tutavuka sote," mama alisema.

"InshaAllah, bibi," akajibu, akaugusa mfuko wake wa pembeni kuhakikisha kitabu kimo.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Allah awarejeshe salama wasafiri wetu wote, walio karibu na walio mbali, na awape wepesi walio mikononi mwa watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.